Njia ya Moramu ya Mama Yotham

Mchungaji na viongozi wa kanisa, mashehe na ndugu zetu mliotoka Kolo, Mwenyekiti wa Mtaa, wafanyakazi wenzake marehemu wa wodini, majirani wa Ihumwa na wote mliokuja kutushika mkono, Bwana Yesu asifiwe, na assalaam alaykum. Naitwa Elieth Nathanaeli Ndahani, baba yangu ni mdogo wake mume wa marehemu, kwa hiyo huyu aliyelala mbele yetu ni mama yangu mkubwa, na familia imenituma nisome habari za maisha yake, kazi ambayo si nyepesi, maana mwenyewe aliniambia akiwa hai kwamba nikiisoma harakaharaka kama tangazo la mnada atanitokea ndotoni.

Mama yetu Dorkasi Mlewa Chidawali, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Yotham, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Mlali, wilayani Kongwa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mlewa Chidawali na mkewe Raheli, wakulima wa uwele na mtama, wenye ng'ombe wachache na midomo mingi ya kulisha. Kwao walikuwa wapiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo ambayo mpigaji huibana katikati ya mapaja, na inasemekana Dorkasi aliijua muheme kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Alibatizwa mwaka 1959 na kupata kipaimara mwaka 1972, katika Kanisa Anglikana la hapo hapo kijijini.

Elimu ya msingi aliipata Mlali kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, alifaulu vizuri lakini nafasi za kuendelea zilikuwa chache na kaka zake walikuwa wengi, basi akarudi shambani, hadi mwaka 1978 alipochukuliwa na hospitali moja ya misheni kujifunza kazi ya uhudumu wa wagonjwa. Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa mjini Dodoma kuwa mhudumu wa wodi ya watoto, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane bila kubadilisha wodi, na waliofanya naye kazi wanajua kwamba daktari mgeni akiingia wodini bila kunawa mikono hakuambiwa neno, aliletewa tu beseni na sabuni, akasimamiwa.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa takatifu na Bartolomayo Ndahani, fundi wa njia ya reli, mtu mrefu, mpole, mwenye kigugumizi, wakahamia hapa Ihumwa karibu na kazi yake, katika nyumba hii hii tuliyoizunguka leo. Waliishi kwa upendo, walilima zabibu, walifuga mbuzi, walipoteza mimba tatu, na baada ya ile ya tatu madaktari wakawaambia wasijaribu tena. Hapa ndipo historia nyingi za marehemu huweka sentensi moja fupi, kwamba fulani hakujaliwa kupata mtoto, kisha msomaji akaendelea na mambo mengine. Mama aliikataza sentensi hiyo isisomwe juu yake, wala juu ya mumewe, na alikuwa na sababu ambayo watu wazima wa mtaa huu wanaikumbuka, nami nitaieleza mahali pake.

Mwaka 2002, mwezi wa Machi, alilazwa wodini mtoto wa miaka miwili mwenye mtindio wa ubongo, mwili wote umekakamaa, shingo haikai, na mama yake alipokwenda kufua nguo hakurudi tena. Tusimhukumu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto yule alikuwa akipewa uji unamwagika wote, wauguzi wakakata tamaa, hadi Dorkasi akagundua kwamba ukimpakata akiwa amekaa wima, ukamshika kidevu kwa vidole viwili na usimharakishe, anameza vizuri kabisa. Maofisa wa Ustawi wa Jamii walitafuta kituo cha kumpokea wakakosa, kila mahali walisema hawana mtu wa kumlisha, na siku moja marehemu alirudi nyumbani jioni akamwambia mumewe, "Baba, nina jambo la kukuuliza, ukikataa tutakula ugali kama kawaida, ukikubali nitapika pilau." Bartolomayo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pi-pi-pika pilau."

Mtoto huyo ndiye Yotham, na tangu siku alipoingia katika nyumba hii, huyu aliyekuwa akiitwa Dada Dorkasi kwa miaka ishirini na miwili akawa Mama Yotham, jina ambalo alilivaa kama kitenge kipya, na ukimwita kwa lile la zamani alijifanya hasikii.

Baba mkubwa Bartolomayo aliomba mataruma chakavu, zile mbao nene za kulazia reli, yaliyoondolewa kwenye daraja, akapewa, akamchongea Yotham kiti cha kukalia chenye mikanda na pa kuegemeza kichwa, kiti imara sana, ila kwa kuwa mtu huyu hakuwahi kutengeneza kitu ambacho treni haitapita juu yake, kilihitaji wanaume wanne kukihamisha kutoka sebuleni hadi barazani. Majirani walicheka wakasema mafuriko yakija nyumba itakwenda, kiti kitabaki. Waliocheka zaidi ni hao hao walioanza kuja jioni kumtazama mtoto aliyesemekana hatakaa maisha yake yote, akiwa amekaa wima barazani, akiwatazama na yeye.

Mwaka 2007 Ustawi wa Jamii walimleta Penina, binti wa miaka minne, kiziwi, aliyekutwa peke yake sokoni Kibaigwa, hakuna aliyejua jina lake wala kwao, na alikuwa na tabia ya kuuma watu, tena kwa meno yote. Alimuuma marehemu, alimuuma baba mkubwa, mimi pia aliniuma, alama hii hapa mkononi. Wapo waliomshauri mama amrudishe, wakisema mmoja anatosha, anajitafutia makubwa, lakini siku moja mchana aliitoa muheme yake ndani, akaketi chini uani, akamkalisha mtoto nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akaanza kupiga. Penina alinyamaza, akatulia, akaegemea, na mama alipoacha mtoto akampiga kofi begani ili aendelee. Kuuma kulipungua, kukaisha. Mwaka 2009 alipelekwa shule ya viziwi, na nyumba nzima ikajifunza lugha ya alama kutoka kwake kila likizo, hata Bartolomayo, ambaye mikono yake minene ilizoea sururu, mpaka Penina akawa anatutania kwamba baba ana kigugumizi cha vidole. Leo Penina ni fundi cherehani mwenye wateja wanaopanga foleni, kitambaa hiki kilichofunika jeneza amekishona yeye, na kila ninachosoma anakipata palepale kwa mikono ya mwalimu wake, Bupe, mnayemwona amesimama hapo mbele.

Hamidu alikuja mwaka 2010, na yeye hakutupwa. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa, akalelewa Kolo na bibi yake, Bibi Tabu, mwanamke aliyempenda mjukuu wake huyo mwenye ulemavu wa akili kuliko macho yake, macho ambayo hata hivyo yalikuwa yanakwisha nuru. Mtoto alipolazwa kwa nimonia akiwa na miaka minne, bibi na mhudumu walikaa pamoja kando ya kitanda kile kwa majuma kadhaa, wakazoeana, na siku ya kuruhusiwa Bibi Tabu akamshika mkono Mama Yotham, akamwambia kwamba yeye hana siku nyingi za kuona, anaomba amlelee, ila mtoto abaki Mwislamu kama baba zake. Mama alimwahidi, na ahadi yake mmeiona wenyewe, kila Ijumaa Mwanglikana huyu alimpeleka Hamidu msikitini, akamsubiri nje na mwavuli wake, na Mwezi wa Ramadhani futari ya nyumba hii ilikuwa na uji wa pilipili manga ambao hata Mchungaji aliufuata. Bibi Tabu alifariki mwaka 2016 akiwa na amani, na jamaa zake wako nasi leo. Hamidu mwenyewe sina haja ya kumtambulisha, amewaamkia shikamoo wote mliopita getini tangu Alhamisi, wakubwa na watoto wachanga, na asiyeitikia anafuatwa mpaka alipokaa.

Sasa nafika kwenye lile nililoahidi. Tarehe 3 Novemba 2011 baba mkubwa Bartolomayo alifariki ghafla kwa shinikizo la damu, na siku ya mazishi, tarehe 5, historia yake iliandikwa na kusomwa na baba yangu, Mzee Nathanaeli, ambaye yuko hapa, na ambaye mwenyewe amenitaka nisifiche kitu. Wazee wa ukoo waliona kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba watoto wa kulea si watoto wa historia, na kwamba wageni wakubwa wa reli wasije wakaanza kuuliza maswali, basi watoto watatu wakapelekwa nyumba ya jirani, eti wasichoke na jua, msalaba, ambao kwetu hushikwa na mtoto wa marehemu, akapewa mpwa wake atangulie nao mbele ya jeneza, na karatasi ikasomwa kwamba Bartolomayo Ndahani hakujaliwa kupata mtoto, ameacha mjane. Mnajua desturi yetu, mjane hukaa mkekani amejifunika khanga, hanyanyuki, hasemi. Mama alinyanyuka. Akasema, "Shemeji, rudia hapo. Mimi nina watoto watatu na baba yao ni huyo aliyemo sandukuni. Kama hawamo kwenye historia, sanduku halitoki."

Wazee wakamwamuru akae, hakukaa, mchungaji wa wakati ule akafunga kitabu chake akangoja, na jua la Novemba mnalijua. Mwishowe baba yangu aliomba kalamu, akafuta, akasoma upya kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watatu, Yotham, Penina na Hamidu, na watoto wakaletwa kutoka kwa jirani wakaketi mkekani na mama yao. Lakini msalaba alikwishapewa yule mpwa, na njia ya kwenda makaburini kule nyuma ya zabibu ilikuwa mchanga mtupu, gurudumu la kiti mwendo likiingia halitoki, basi Yotham akabaki uani, akasikia baba yake akizikwa kwa mbali. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alisema mara nyingi kwamba maneno yale alimsamehe shemeji yake siku hiyo hiyo, ila mchanga ule hakuusamehe.

Alipomaliza eda ya msiba hakukaa kulia, alikwenda Ustawi wa Jamii kuuliza ni karatasi gani hasa inayomfanya mtoto awe mtoto mbele ya watu wote, akaambiwa kwamba malezi ya kambo peke yake hayatoshi, kuna kuasili, na kuasili kunapitia Mahakama Kuu. Alianza safari hiyo akiwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mhudumu wa wodi wa darasa la saba, mwenye watoto watatu wenye mahitaji maalumu na ukoo uliogawanyika, akaitwa, akarudishwa, akaitwa tena. Jaji alipomuuliza kama anaelewa kwamba watoto hawa wanaweza kumtegemea hata watakapokuwa watu wazima, alijibu kwamba ndiyo, mheshimiwa, na kwamba hata yeye mwenyewe ni mtu mzima na anawategemea wao. Tarehe 14 Juni 2013, siku ya Ijumaa, amri ilitolewa, wakatoka mahakamani wanne, Ndahani wote, na jioni ile, bila shaka, kulipikwa pilau. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na sisi tuliomwona akilea tunathibitisha.

Alistaafu kwa heshima mwezi Agosti 2018, akaongeza mbuzi, akaongeza mizabibu, akawa mshauri wa kina mama wenye watoto kama wake, waliokuwa wakija hata kutoka Mpwapwa kujifunza namna ya kumshika mtoto kidevu. Yotham alimaliza darasa la saba katika shule yenye kitengo cha mahitaji maalumu, anaongea taratibu lakini anaongea, na leo ni mshauri wa timu ya mpira ya vijana wa Ihumwa, ambapo kwa masikitiko makubwa familia inakiri kwamba ameshapewa kadi nyekundu mara mbili kwa kumtolea mwamuzi maneno makali akiwa nje ya uwanja, kwenye kiti mwendo chake, na mama yake alizificha habari hizo kwa Mchungaji hadi dakika hii.

Mwezi Septemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa, figo zake zikaonekana zimechoka, akawekwa kwenye utaratibu wa kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Ni katika kipindi hicho ndipo alipoanza ile kazi iliyowashangaza wengi, aliwaita vijana wa timu ya Yotham, wakaleta moramu, ule udongo wa changarawe, kwa matoroli kutoka mlimani, wakaitandaza kutoka uani hapa, pembeni ya zabibu, hadi kaburini kwa mumewe, wakaishindilia kwa magogo, yeye amekaa kwenye kigoda na fimbo yake akiwaonyesha palipobonyea. Palipokuwa na mwinuko alitaka pakatwe, palipokuwa na kona alitaka ipanuliwe, na kila walipomaliza kipande alimwita Yotham aje akijaribu, akimwambia twende tukamsalimie baba yako. Watu walisema mengi, wengine kwamba ni njia ya gari la matofali, wengine kwamba maradhi yamempanda kichwani, na baba yangu alipomuuliza, aliambiwa tu, "Shemeji, tulia, na wewe utaipita."

Mwezi Aprili mwaka huu, alipozidiwa, alimwita baba yangu pembeni ya kitanda akamweleza wazi, kwamba siku yake ikifika hataki kubebwa nyuma ya mtoto wa mtu mwingine, msalaba wake ataushika mwanawe wa kwanza, naye mwanawe wa kwanza ni Yotham, na njia ipo. Aliomba hilo tu. Hakuzungumzia nyumba wala mbuzi.

Alifariki Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, huku Penina akiwa amemwegemeza mgongoni kwake ili apate kupumua.

Na jana jioni, ndugu zangu, maana familia yetu haijawa ya malaika, kikao cha ukoo kilikaa na hoja ikazuka upya, kwamba msalaba ukiyumba mikononi mwa mgonjwa itakuwa aibu mbele ya watu, apewe kijana anayetembea, Yotham ashike shada. Baba yangu, mzee wa miaka sitini na tisa, alisimama, akasema kwamba yeye alishasahihishwa mara moja mbele ya maiti, na mwanamke aliyemsahihisha leo hawezi kunyanyuka, kwa hiyo atanyanyuka yeye. Kisha akakisukuma mwenyewe kile kiti mwendo hadi kwa fundi wa kuchomelea, akasimama pale hadi kilipowekewa kishikio cha chuma upande wa mbele, cha kusimamishia msalaba, akaujaribu kwa mkono wake, haukuyumba. Yotham alimwangalia, akamwambia taratibu, "Ahsante, ba-ba mdogo." Baba, nimesema yote, kama ulivyoniagiza.

Kwa hiyo naisoma sasa sentensi ambayo mama aliniagiza niisome polepole, na ikibidi mara mbili. Marehemu Dorkasi Ndahani ameacha watoto watatu, Yotham Bartolomayo Ndahani, Penina Bartolomayo Ndahani, na Hamidu Bartolomayo Ndahani. Ameacha watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, hasa wa kitengo cha kusafisha damu, waliovumilia kusimamiwa na mgonjwa wao juu ya usafi wa mikono, inawashukuru wenzake wa wodi ya watoto waliokuja kumwogesha kama alivyowaogesha maelfu, maofisa wa Ustawi wa Jamii, Mchungaji na waumini, ndugu zetu wa Kolo waliochinja na kupika tangu jana, wanawake wa Mlali waliokuja na muheme zao, vijana wa timu waliojenga njia bila kujua wanajenga nini, na majirani wa Ihumwa, waliocheka kile kiti cha mataruma na ambao leo asubuhi wamekitoa nje wanaume wanne, bila kuombwa, ili jeneza lake lipumzike juu yake wakati wa ibada.

Baada ya sala tutaondoka kwa utaratibu huu, Hamidu atabeba picha ya mama, Penina ataanza muheme na wanawake wa Mlali watamwitikia, jeneza litafuata, na ninaomba anayetembea haraka apunguze mwendo, kwa sababu mbele yetu sote, na msalaba, atatangulia Yotham, na mwendo wa leo ni mwendo wake.

Mama Yotham, mchanga haupo tena, mwanao anakuongoza. Pumzika kwa amani.